Baiti 14 za kwanza: kukompaili programu yako ya kwanza ya Commodore 64

Swali

Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika sekondari moja hapa Arua. Marehemu baba alisoma Uingereza miaka ya themanini, akarudi na Commodore 64 pamoja na mashine yake ya kaseti. Vitu hivyo vimekaa sandukuni tangu nikiwa mtoto. Nataka wanafunzi wa klabu yangu waandike programu kwenye laptopu, kisha waione ikifanya kazi kwenye mashine hiyo. Nimeanza na emyuleta ya VICE kwenye Ubuntu. Niliandika programu ndogo ya C, gcc, kompaila inayogeuza C kuwa lugha ya mashine, ikaikubali bila lawama, nikaliita faili habari.prg. VICE inafunguka, inajiandikia RUN, kisha READY. Hakuna kosa, hakuna neno. Shida iko wapi? Je, ingefaa nianze na BASIC? Na ikikubali, nitaifikishaje kwenye mashine yenyewe?

Jibu

Marahaba, Mwalimu. Programu yako haina ubaya. Ila gcc imeikompaili kwa ajili ya laptopu yako, na kuliita faili habari.prg hakubadilishi kilichomo ndani. Fungua terminali, uliulize faili lenyewe:

```
file habari.prg
```

Utajibiwa kwamba ni ELF, muundo wa faili za programu za Linux, ya biti 64, ya x86-64, yaani maagizo ya prosesa za Intel na AMD. Commodore 64 ni mashine ya mwaka 1982. Prosesa yake ni 6510, ndugu wa tumbo moja na 6502 ya mwaka 1975, na maagizo ya x86 kwake ni kelele tupu. gcc rasmi haitoi msimbo wa 6502 hata uibembeleze vipi.

Kilichonivutia kwenye barua yako ni ule ukimya. Mtu angetegemea mashine igome, itoe ?SYNTAX ERROR, au igande kabisa. Wewe umepata READY. Ukimya huo una sababu yake, na ukiielewa umeshamaliza nusu ya kazi.

Faili la PRG, yaani la programu ya Commodore, halina utangulizi mrefu. Lina baiti mbili tu mbele, nazo ni anwani: baiti zinazofuata zipangwe kwenye kumbukumbu kuanzia wapi. Baiti ndogo hutangulia, kubwa hufuata. Sasa, kila faili la ELF huanza na 7F 45 4C 46. VICE ilisoma 7F na 45, ikapata $457F (alama ya $ ni ya hesabu ya kumi na sita), yaani 17791, ikalimwaga faili lote la gcc huko. Programu ndogo ya gcc huwa na kilobaiti kama 16, kwa hiyo ilikaa kwenye RAM bila kugusa kitu chochote cha maana. Kisha ikajiandikia RUN. RUN ni amri ya BASIC, na BASIC ya Commodore 64 hutafuta programu kuanzia anwani 2049. Hapo 2049 palikuwa patupu. BASIC ikaona hakuna hata mstari mmoja, ikahesabu kazi imekwisha, READY. Ni sawa na kumkabidhi mtu wa basi mzigo wa Arua ukiwa umeandikwa Mbarara: hakuna aliyegoma, mzigo umefika salama, ila si mahali unapousubiri.

Kwenye laptopu hukuwahi kulifikiria jambo hili kwa sababu Linux hukujibia maswali mawili bila kukuuliza: baiti zikae wapi, na prosesa ianze kutekeleza kutoka baiti gani. Kwenye Commodore 64 maswali hayo ni ya kwako, au ni ya kompaila utakayoichagua. Kuandika "Habari" kwenye skrini ni sehemu rahisi.

Kwa kazi hii mimi naanza na cc65. Zipo nyingine, Oscar64 na llvm-mos kwa mfano, ambazo msimbo wake hukimbia zaidi. Lakini cc65 inapatikana kwa apt, ni ndogo hata kwa bando la siku, na hatua zake zote unaweza kuzifungua ukaziona, jambo ambalo kwa mwalimu lina uzito kuliko kasi.

```
sudo apt install cc65
```

Andika faili hili, uliite habari.c:

```
#include <conio.h>

int main(void)
{
    clrscr();
    bordercolor(COLOR_BLACK);
    bgcolor(COLOR_BLUE);
    textcolor(COLOR_YELLOW);
    cputsxy(11, 12, "Habari kutoka Arua");
    cgetc();
    return 0;
}
```

Skrini ina safu 40 na mistari 25. Maneno yale yana herufi 18 ukihesabu na nafasi, ndiyo maana nimeanzia safu ya 11 ili yakae katikati. Ile cgetc inasubiri mtu abonyeze kitufe. Bila yake programu inamaliza kabla hujameza mate, na READY inakuja kuchafua skrini yako. Sasa ikompaili:

```
cl65 -t c64 -O -o habari.prg habari.c
x64sc habari.prg
```

Amri ya cl65 ni msimamizi tu. Nyuma yake kuna cc65 inayogeuza C kuwa asemblia, ca65 inayogeuza asemblia kuwa faili la .o, na ld65 inayounganisha faili hilo na maktaba ya Commodore 64 na kugawa anwani. Kile kipande cha -t c64 ndicho kinachosema mashine gani. Ukiandika -t vic20 au -t atari, programu ileile ya C hupangwa kwenye anwani nyingine kabisa, ikiwa mashine husika inazo hizo rangi unazoziita.

Emyuleta yako inafunguka, kwa hiyo ROM, zile programu za ndani za Commodore, unazo. Ila ukienda kusakinisha kwenye kompyuta nyingine za maabara, kumbuka kwamba VICE inayotoka kwenye hazina za Debian na Ubuntu haiji na ROM za Commodore, kwa sababu za leseni. Itagoma kuwaka ikilalamikia faili la kernal, mfumo wa msingi wa mashine. Nakili folda za C64 na DRIVES kutoka kwenye laptopu yako, uziweke mahali VICE inapozitafuta.

Sasa njoo kwenye kile ambacho ningependa wanafunzi wakione kabla hawajaandika mstari wa pili wa C. Fungua baiti 14 za kwanza kwa xxd, inayoonyesha baiti kwa hesabu ya kumi na sita:

```
xxd -l 14 habari.prg
```

Nazipanga hapa chini nikiwa nimezitenganisha kwa maana zake:

```
01 08
0B 08
xx xx
9E
32 30 36 31
00
00 00
```

Mstari wa juu ni anwani, $0801, ambayo ndiyo ile 2049. Hapo BASIC inatafuta, na safari hii itakuta kitu. Itakuta programu ya BASIC, ya kweli kabisa, yenye mstari mmoja, iliyoandikwa na cc65 bila wewe kuiomba. 0B 08 inasema mstari unaofuata uko $080B. Mbili zinazofuata, nilizoziandika xx, ni nambari ya mstari. Cc65 hujaza hapo toleo lake yenyewe, kwa hiyo zako zinaweza kuwa tofauti na zangu. 9E ni neno SYS likiwa limefinywa kuwa baiti moja, kwani BASIC ya Commodore haihifadhi amri zake herufi kwa herufi. Kisha 32 30 36 31: hizo ni tarakimu 2, 0, 6 na 1 zikiwa herufi. Sifuri moja inafunga mstari, sifuri mbili zinafunga programu.

Kwa hiyo mstari wenyewe ni SYS2061: "rukia anwani 2061, endelea na lugha ya mashine kuanzia hapo." Kwa nini 2061? Toa zile baiti mbili za anwani, ambazo haziingii kwenye kumbukumbu, zinabaki 12. Jumlisha na 2049. Umepata 2061, baiti ya kwanza kabisa baada ya kijiprogramu hicho cha BASIC. Hapo ndipo msimbo wa cc65 unapoanzia, na mwisho wa safari yake ya maandalizi unaiita main yako. Waambie wanafunzi wafanye hesabu hiyo ubaoni. Nimeona watu wazima wanaolipwa kwa kuandika programu wakishangaa kwamba RUN haikuwa na uchawi wowote ndani yake.

Usiishie kwenye laptopu. Programu ikiwaka, bonyeza kitufe imalize, kisha andika kwenye skrini ya Commodore yenyewe (PEEK husoma baiti iliyo kwenye anwani):

```
FOR I=2049 TO 2060:PRINT PEEK(I);:NEXT
```

Utaona 11, 8, nambari mbili za toleo, kisha 158, 50, 48, 54, 49, na sifuri tatu. 158 ni ile 9E, na nne zinazofuata ni 2061 ikiwa herufi. Baiti zilezile ulizozisoma kwa xxd sasa ziko ndani ya mashine, mahali ulipozituma. Andika pia LIST uone mstari wenyewe.

Umeuliza kama uanze na BASIC. Ndiyo, lakini iwe kipindi kimoja au viwili, si muhula mzima. Lengo si kuwafanya waandishi wa BASIC. Lengo ni waone kwamba kwenye mashine hii kumbukumbu ndiyo kila kitu, hata rangi ya ukingo wa skrini. Waandike POKE, amri ya kuweka nambari kwenye anwani:

```
POKE 53280,0
```

Ukingo unageuka mweusi papo hapo. 53280 ni $D020 kwa hesabu ya kumi na sita, na ndiyo bordercolor inayoigusa kwa niaba yako. Wakimaliza, waandike kitu hichohicho kwa C:

```
*(unsigned char*)0xD020 = 0;
```

Nimefundisha pointa, yaani kigeu kinachobeba anwani, kwa njia nyingi, na hakuna iliyoingia haraka kama hii. Kwenye laptopu pointa ni nambari ndefu isiyoelekea popote unapopajua, na ukiikosea mfumo wa uendeshaji unakufungia programu. Hapa 0xD020 ni ukingo wa skrini. Ukikosea anwani, mashine inaganda, unaizima, unaiwasha, na hakuna kilichoharibika.

Kuna mambo ya cc65 yatakayowakwaza wanafunzi waliozoea C ya leo. Vigeu vyote hutangazwa mwanzoni mwa bano, kabla ya agizo lolote, kwa hiyo `for (int i = 0; ...)` itakataliwa. Hakuna float wala double, yaani nambari zenye desimali. Usipoteze muda kutafuta njia ya mkato. Na ukitumia cputs badala ya printf, `\n` peke yake inashuka mstari bila kurudi pembeni kushoto, andika `\r\n`. Hayo yatatoka kwenye ujumbe wa kompaila au yataonekana kwenye skrini, mtayazoea.

Lisiloonekana ni ukubwa wa int. Kwenye laptopu int ina biti 32. Hapa ina 16, mwisho wake 32767. Najua klabu za shule: programu ya pili huwa ni ya duka, chenji ya mteja. Basi waandike hii:

```
#include <stdio.h>

int main(void)
{
    int noti = 50000;
    printf("%d\n", noti);
    return 0;
}
```

Itachapisha -15536. Noti kubwa kuliko zote nchini haiingii kwenye int ya Commodore 64, na mteja ametoka na deni badala ya chenji. Ukitumia unsigned int unafika 65535, yaani noti moja ya 50,000 na ya 10,000 na senti zako, basi. Kwa shilingi za Uganda tumia long, ambayo ina biti 32:

```
long noti = 50000L;
printf("%ld\n", noti);
```

Hiyo inafika zaidi ya bilioni 2, inatosha duka lolote la Arua, ingawa kwa viwanja vya Kololo kule Kampala sitii mkono wangu. Ila long zisitapakae kila mahali. Prosesa ya 6510 hujumlisha baiti moja kwa wakati mmoja, na ina rejista tatu tu za kufanyia kazi: A, X na Y. Kujumlisha long mbili kunaipitisha hatua nne, na mwendo wake ni chini kidogo ya mizunguko milioni moja kwa sekunde. Kihesabio kisichozidi 255 kiwe unsigned char. Kigeu cha fedha kiwe long. Zoea kujiuliza swali hilo kwa kila kigeu unachotangaza.

Ukitaka kuona gharama yenyewe, omba asemblia:

```
cc65 -t c64 -O -T habari.c
```

Utapata habari.s, na kwa ajili ya -T kila mstari wako wa C utakuwa juu ya maagizo yaliyotokana nao. Itafute cputsxy. Ile 11 inapakiwa kwenye A kama $0B, inasukumwa kwenye stack, rundo la thamani za muda, kwa jsr pusha, 12 vilevile, halafu anwani ya maneno yako inagawanywa, nusu kwenye A na nusu kwenye X, ndipo mruko unafanyika. Stack hiyo si ile ya prosesa. Ya prosesa ina baiti 256 tu, haiwezi kubeba vigeu vya C, kwa hiyo cc65 imejitengenezea yake kwenye RAM ya kawaida, na kila kuigusa kuna gharama. Ndiyo maana watu wa cc65 hupenda kutangaza vigeu vya ndani kuwa static, au kuongeza -Cl kwenye amri wafanyiwe kwa mkupuo. Kwa programu ya kwanza hamhitaji hayo. Mtakapoanza kuandika mchezo mtayahitaji.

Nafasi mnayo. Ukiwasha mashine inajitangaza kuwa na baiti 38911 huru kwa BASIC. cc65 huiweka pembeni ROM ya BASIC wakati programu inatembea, kwa hiyo unapata kuanzia 2049 hadi $CFFF, zaidi ya elfu 51, humo humo na stack yake. Hata hivyo, kompaili programu moja kwa printf na nyingine kwa cputs, kisha uzipime kwa `ls -l`. printf inakuja na ukoo wake mzima hata kama umeiita kwa neno moja.

Kuhusu herufi: Commodore haitumii ASCII bali PETSCII, ambamo herufi kubwa na ndogo zimekaa kwingine. cc65 inakubadilishia maneno yaliyo ndani ya alama za kunukuu, ilmradi umeandika -t c64. Kiswahili kinapita bila shida kwa sababu hata ng' ni kikoma cha juu tu. Mwanafunzi akitaka kuandika Luganda sahihi atakwama kwenye ŋ, haimo. Itabidi achore: kila herufi ni vitone 8 kwa 8, baiti moja kwa kila mstari. Mimi ningempa 0, 0, 124, 102, 102, 102, 6, 12 aanzie hapo, kisha aende kusoma namna ya kuhamishia seti ya herufi kwenye RAM. Ni kazi nzuri ya likizo.

Sasa mashine yenyewe. Mwalimu, usiichomeke kwenye umeme bado. Kwa vile imetoka Uingereza, plagi yake ya pini tatu inaingia kwenye soketi zetu bila adapta, na hicho ndicho kishawishi. Ugonjwa unaojulikana wa Commodore 64 uko kwenye lile tofali la umeme. Ndani yake kuna kidhibiti cha volti 5 kilichozikwa kwenye gundi ngumu. Kikizeeka hakizimiki, kinapandisha volti, na chipu za RAM zinaungua kimya kimya. Mtafute fundi mwenye mita. Tofali likiwa limechomekwa ukutani lakini halijaunganishwa na kompyuta, apime volti 5 za DC. Ikisoma zaidi ya 5.2, liwekeni pembeni mtafute jingine. Na hata ikisoma vizuri leo, hilo tofali nisingeliamini kwa muda mrefu. Kuna pia volti 9, nazo ni za AC. Hizo zinahudumia chipu ya sauti na mota ya kaseti miongoni mwa vingine, kwa hiyo betri ya sola peke yake haitoshi kuiwasha, unahitaji inveta.

Kwa skrini, tafuta kebo ya DIN inayotoa picha kwenye jeki ya njano ya AV. Runinga nyingi, na hata baadhi ya bapa za siku hizi, bado zinayo. Njia ya antena nayo ipo, chaneli ya UHF 36, lakini lazima runinga iwe na tyuna ya analogi. Dikoda haitakusaidia.

Kupeleka programu kuna njia mbili za kweli. Ya starehe ni SD2IEC, kifaa kidogo kinachopokea kadi ya kumbukumbu na kujifanya diski. Unanakili habari.prg kwenye kadi, unaandika LOAD"HABARI*",8 kisha RUN. Kinaagizwa kutoka nje, kwa hiyo hesabu usafiri na ushuru. Ya pili inatumia ulichonacho: ile mashine ya kaseti, simu yako, na adapta ya kaseti iliyokuwa ikitumika kwenye magari kuchezea muziki wa simu kwenye redio ya zamani. Ukipita Kampala, waulize Kisekka kwenye spea za magari.

Programu iitwayo WAV-PRG hugeuza habari.prg kuwa sauti. Chagua mashine ya PAL, mfumo wa runinga wa Uingereza, mwendo wa kawaida wa Commodore, si turbo, na uhifadhi kama WAV. MP3 hukata sehemu za sauti ambazo sikio halizihitaji lakini Commodore inazihitaji. Weka adapta ndani ya mashine ya kaseti kama ungeweka kaseti, kifuniko kikiachia waya upite. Kama mkanda wa mpira wa ndani umeoza, na baada ya miaka yote hiyo huenda umeoza, usihangaike kwa sasa: adapta haizunguki, kichwa kinasoma tu. Kinachotakiwa ni kitufe cha PLAY kibaki chini.

Simu iwe kwenye hali ya ndege, ujumbe wa promosheni usije ukaingia katikati ya baiti zako. Sauti juu, ekwalaiza zima. Andika LOAD, bonyeza RETURN, na mashine ikisema PRESS PLAY ON TAPE bonyeza PLAY, kisha anzisha sauti kwenye simu. Skrini itapauka rangi moja, usishtuke. Itarudi na kuandika FOUND HABARI, na hapa ndipo wengi hukwama: Commodore husimama sekunde kadhaa ikisubiri uamuzi wako, ikidhani imeusimamisha na mkanda. Simu haijui kusubiri. Ukiona FOUND, bonyeza papo hapo kitufe chenye nembo ya Commodore, kule chini kushoto, ili iendelee bila kupoteza mwanzo wa data. Mwendo wa kaseti ya kawaida ni kama baiti 50 kwa sekunde, kwa kuwa kila kitu kimerekodiwa mara mbili, basi kilobaiti 3 zitachukua dakika moja na ushei. READY ikirudi, RUN.

Ikitoa ?LOAD ERROR, punguza sauti hatua moja moja kabla ya kubadilisha kitu kingine. Isipoiona FOUND kabisa, rudi kwenye WAV-PRG uombe mawimbi yaliyogeuzwa juu chini. Simu nyingine hutoa sauti hivyo. Vyote vikigoma, niandikie tena ukinipa vitu vitatu: zile baiti 14 kutoka xxd, volti ambazo fundi alizisoma, na maneno ya mwisho yaliyobaki kwenye skrini.